Namuunga Mkono Aliyetangulia

Maneno yenyewe niliyasikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, debe la mahindi liko kichwani, mbele yangu watu wanne. Mtu alisema kwamba kampuni mbili za dhahabu zikiunganishwa, mpaka uliopo kati yao utafutwa, na wanaokaa mpakani watakuwa hawakai popote. Niligeuka kumtazama, sikumjua. Zamu yangu ikafika, nikasagiwa, nikaenda zangu nyumbani, na unga nikausahau kulekule. Toka siku ile maneno hayo hayakunitoka. Nikichambua mchele nayasikia. Nikifagia ndiyo usiseme, kwa sababu uwanja ninaoufagia ndio huo mpaka.

Naandika kwa akina mama ambao mashimo hayajawafikia. Waliofikiwa wanajua.

*

Nchi yetu jina lake silitaji, kwa kuwa limekodishwa kwa wageni kwa miaka thelathini na tatu, na mwenyeji akilitaja bila kibali anatozwa. Ni nchi nzuri. Tuna Wizara ya Mashimo na Matumaini, yenye waziri mmoja wa mashimo na manaibu wawili wa matumaini, na mtu akipita barabarani anaiona kazi yao, hasa ile ya waziri.

Kwetu zilikuja kampuni mbili. Kito Chetu ilikuwa na shimo, haina leseni. Mwamba Mpya ilikuwa na leseni, haina shimo. Zote mbili ni kampuni changa. Sheria yetu inasema kampuni ni changa hadi siku itakapopata dhahabu, na kampuni changa haidaiwi kodi wala haikaripiwi, ni kama mtoto anayenyonya. Kito Chetu ina miaka kumi na tisa na bado inanyonya. Mwenyekiti wake, Dokta Mhandisi Balozi Kapalata, ana mvi hadi kwenye nyusi.

Huyo huyo Kapalata ndiye mwenyekiti wa Mwamba Mpya pia. Tuliambiwa imefanywa hivyo ili wenyeviti wasigombane. Hata hivyo mazungumzo ya kuziunganisha kampuni yalimchukua miaka miwili, akikaa peke yake hotelini upande huu wa meza na kisha upande ule. Redio ilitangaza mara mbili kwamba mazungumzo yamevunjika na upande mmoja umetoka nje kwa hasira. Mara ya tatu wakakubaliana, akajipa mkono, picha ikatoka gazetini.

Sisi wanakijiji ni wanahisa. Walipochukua mashamba hawakutupa fidia, walisema fidia inaisha. Walitupa hisa, tuta moja la muhogo hisa moja. Mimi shamba langu lilikatika katikati, nikapata hisa arobaini na sita Kito Chetu na kumi na tisa Mwamba Mpya. Serikali nayo ilichukua hisa moja kila upande, ya heshima, ili na yenyewe ihesabiwe kuwa ni mwanahisa kama sisi na isionekane inajitenga na wananchi.

Na nyumba zetu? Sheria ilitaka kampuni changa mbili zikae mbalimbali hatua sabini zisije zikaambukizana. Ukanda huo wa hatua sabini ndio mpaka, na ulikuwa hauna mwenyewe, basi tukaambiwa tujenge hapo. Tukajenga, kaya sitini na moja, zimejipanga kama shanga kwenye uzi. Jikoni kwangu ukikohoa, Kito Chetu wanakusikia kwa kushoto na Mwamba Mpya kwa kulia. Nyumba hiyo matofali yake nimeyafyatua mwenyewe, mimi na marehemu mume wangu, na yeye aliondoka kabla ya kufika kwenye lenta, pale juu ya milango na madirisha. Nyingine sina.

*

Sheria haina ubaya. Ilisema kampuni haziunganishwi bila maoni ya wanahisa, mkutano mmoja kwa kila kampuni. Ule wa Kito Chetu ulifanyika kwenye banda wanamowekea mawe ya sampuli. Viti vilikuwa vya wageni, sisi tulikalia sampuli.

Kwetu mtu hainuki tu mkutanoni akasema analotaka. Ni utovu wa adabu. Unainuka, unasalimu, unasema, "Kwanza namuunga mkono mzungumzaji aliyetangulia," halafu ndiyo unamchana. Hata kama aliyetangulia alikutukana, unamuunga mkono kwanza. Mimi nimelelewa hivyo na binti yangu Havijawa nimemlea hivyo.

Wizara inatujua. Ndiyo maana ina cheo kinachoitwa Mchangiaji wa Kwanza, chenye mshahara, pikipiki na koti. Aliyekishika siku zile ni bwana Mkeyenge. Kazi yake ni kuwa wa kwanza kuinuka kabla hata mwenyekiti hajafungua kikao. Akainuka, akasema, "Naafiki kampuni ziunganishwe," akakaa, akafungua soda yake.

Hapo ndipo watu walipoanza. Kila mtu alimuunga mkono kwanza aliyetangulia, na baada ya hapo sijapata kusikia mkutano mbaya kama ule. Mmoja alisema kampuni mbili zisizo na kitu ukiziunganisha unapata kampuni kubwa isiyo na kitu. Mwingine aliuliza iwapo miaka kumi na tisa ya kunyonya haitoshi mtu kuota meno. Wifi yangu Zamoyoni, dada wa marehemu, ambaye ndiye mwenye mashine ya kusaga na hana breki mdomoni, alimuunga mkono aliyetangulia kwa sauti nzuri kabisa, kisha akamwambia mwenyekiti, "Hiyo suruali uliyovaa, baba, ni muhogo wangu. Kaa vizuri usije ukauchana." Watu mia tatu na kumi na wawili walisema, na hakuna aliyesema jema. Kapalata alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nikamwona mtu mvumilivu.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Niliinuka niseme habari ya nyumba yangu, kwamba mpaka ukifutwa nitakwenda wapi. Nikasalimu. Nikasema, "Kwanza namuunga mkono mzungumzaji aliyetangulia." Koo likakauka. Nikatazama watu, watu wakanitazama. Nikakaa.

Karani wa maoni alikuwa Havijawa. Nilikuwa nimefurahi sana alipopata ile kazi.

*

Matokeo yalisomwa siku ya tatu. Wanahisa mia tatu na kumi na watatu walikuwa wametoa maoni, na wote mia tatu na kumi na watatu wameunga mkono. Gazeti likaandika kwamba wanahisa wamelia kwa furaha.

Nilimkuta Havijawa uani anaosha sahani. Nikamuuliza kama siku ile masikio yake yalikuwa mazima.

"Yalikuwa mazima, mama."

"Wifi yangu alimtukana mwenyekiti hadi suruali. Umeandika nini?"

"Nimeandika alivyoanza." Akafuta mikono, akaniletea fomu ya maoni. Kila mwanahisa alikuwa na mstari mmoja, na mstari wenyewe mfupi, wa kutosha sentensi moja ndogo. Juu yake kanuni ilikuwa imechapwa kwa herufi nzito: Maoni ya mwanahisa ni sentensi yake ya kwanza baada ya salamu, yanayofuata ni mazungumzo. "Mazungumzo hayana fomu," akasema. "Niliomba, wakaniambia nikiandika nje ya mstari nitakuwa nimeharibu mali ya umma, kifungo miaka mitatu."

Nikatafuta jina langu. Lilikuwa la mwisho, na mbele yake yale maneno yangu, yote, hakuna lililopungua. Katika wanahisa wote waliosimama siku ile, aliyeandikwa sawasawa ni mimi.

Sikuwa peke yangu kuliona hilo. Wiki iliyofuata gari la Wizara lilisimama mlangoni, wakashuka watu sita na fremu. Nilikuwa nimechaguliwa Mwanahisa Bora. Hotuba ilisomwa hapo hapo uani, kuku wakisikiliza. Ilisema kwamba wakati wenzangu wamelipotezea taifa saa tano kwa mazungumzo, mimi nilitoa maoni yangu nikakaa, na kwamba nchi ikipata mama kumi wa aina yangu mikutano itafanyika kwa simu. Wakanipa cheti, wakanipigia misumari, wakakitundika wenyewe juu ya mlango. Nyumba waliyokuwa wanaitobolea misumari ndiyo hiyo waliyokuwa wanakwenda kuibomoa, lakini walipima kwa makini kisije kikakaa upande.

Walipokuwa wanaondoka wakasema bwana Mkeyenge amepandishwa cheo, sasa atakuwa anachangia kwanza makao makuu. Mkutano wa pili, ule wa Mwamba Mpya, Mchangiaji wa Kwanza nitakuwa mimi.

*

Wifi Zamoyoni alizima mashine mchana kweupe, kitu ambacho hajafanya hata siku ya msiba, akaja mbio na unga kichwani.

"Wifi, unaelewa walichokupa? Ukisimama wewe ukakataa, kila atakayefuata atakuunga mkono wewe. Hata asiyetaka. Midomo yetu ndivyo ilivyozoea."

Nikamwambia mimi mbele za watu siwezi, ameniona mwenyewe. Akasema neno moja litatosha. Nikamtazama Havijawa, maana ndiye atakayeandika. Karani ambaye mkutano wake unakwenda kombo Wizara haimpendi, na mshahara wake ndio uliokuwa unatununulia mafuta na sabuni. Nilitaka aniambie nisifanye. Yeye alikuwa anakunja kanga, hakuinua uso.

"Mimi naandika sentensi ya kwanza, mama. Awe nani, aseme nini, nitaiandika. Ila usilete heshima zako. Ukianza na heshima, nitaandika heshima."

Basi tukafanya mazoezi siku nne, na sijui kama kuna kazi ngumu kama kuacha adabu. Nilianza kwa kusema, "Samahanini sana, naomba nyumba yangu isivunjwe." Wifi akasema toa samahani. Nikasema, "Naomba nyumba yangu isivunjwe." Akasema wewe si ombaomba, toa naomba. Nikasema, "Nyumba yangu isivunjwe kwa ajili ya kuunganisha kampuni." Havijawa akachukua rula akapima, akasema haiingii kwenye mstari, itakatika kwenye "isivunjwe," na habari ya kuunganisha itabaki nje. Tukakata hapa, tukakata pale. Mwishowe wifi akapiga paja.

"Sema, 'Mpaka ubaki ulipo.' Maneno matatu. Mpaka ukibaki, kampuni haziunganiki. Zisipounganika, nyumba inabaki. Yote yamo."

Nikayarudia, yakakaa vizuri mdomoni. Havijawa akapima, yakaingia, nafasi ikabaki. Tukafurahi. Sote watatu tulikuwa tumeitoa nyumba kwenye sentensi na hakuna aliyeiona inatoka.

*

Mkutano wa pili walinivalisha koti la Mkeyenge, likanifika magotini. Niliinuka. Nikawaza lenta ambayo mume wangu hakuifikia. Nikasema, "Mpaka ubaki ulipo," nikakaa, jasho linanichuruzika hadi kwenye viatu.

Mwenyekiti Kapalata alikuwa hasikilizi. Hotuba yake ilichapwa makao makuu ikaja ndani ya bahasha yenye lakiri, na kanuni ilimkataza kuifungua kabla Mchangiaji wa Kwanza hajakaa. Akavunja lakiri, akavaa miwani, akasoma, "Ndugu wanahisa, namuunga mkono kwa dhati mzungumzaji aliyetangulia." Akaendelea dakika arobaini kueleza uzuri wa kuunganisha. Havijawa alikuwa ameshaweka kalamu chini toka sentensi ile ya kwanza.

Wakafuata wengine. Wote waliniunga mkono. Wafanyakazi wa kampuni, waliokuja na fulana zilizoandikwa NDIYO, waliniunga mkono kwanza, kisha wakasifia kuunganisha. Bwana Mkeyenge, aliyekuja kama mgeni mwalikwa, aliambiwa asalimie watu; akainuka kwa mazoea yake, akaniunga mkono. Mwakilishi wa Serikali, mwenye ile hisa moja ya heshima, naye akaniunga mkono, akasema Serikali ni sikivu. Wifi Zamoyoni alipofikiwa alisema tu namuunga mkono aliyetangulia, akakaa, na ndiyo mara ya kwanza watu kumsikia akimaliza upesi. Akanifinya paja chini ya koti.

Matokeo yalikuwa mia mbili themanini na saba kwa sifuri, mwenyekiti akiwemo.

Siku hiyo tulipika. Nilichinja jogoo wawili.

*

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Aliyeileta ni Havijawa, maana karani wa maoni ndiye anayepeleka na majibu. Ilikuwa kwa kaya zote sitini na moja, lakini alianza na mimi. Nilikuwa natwanga. Akakaa kwenye kinu kingine kilichopinduliwa, akafungua, akasoma.

"'Serikali inawaunga mkono wanahisa wote waliotaka mpaka ubaki ulipo.'"

Nikaweka mchi chini nikamshukuru Mungu. Nilipoinua uso, Havijawa alikuwa bado anaitazama karatasi.

"Mama, kuna sentensi ya pili."

Nikaushika mchi tena.

"Nisome?"

Huyu ni mwanangu, na tangu mwaka uanze kazi yake ilikuwa kuishia kwenye sentensi ya kwanza. Sauti yake haikuwa sawa.

"Soma, mama yangu," nikamwambia.

"'Hivyo basi, ili mpaka huo ulioombwa na wananchi wenyewe ubaki ulipo bila kukanyagwa, kupikiwa wala kulaliwa, kaya zote zilizo juu yake zitaondoka ndani ya siku kumi na nne, na mpaka utatunzwa na kampuni zote mbili kwa pamoja.'"

Nilisema kitu ambacho sitakiandika. Nilielewa yote kwa mara moja. Wameanza na heshima, halafu ndiyo wakasema wanalotaka. Sisi ndio tuliowafundisha.

Wifi Zamoyoni alipokuja alikaa chini kwenye vumbi na mikono kichwani. Alikuwa akirudia tu kwamba rula, rula ndiyo iliyotuponza. Mimi nililia. Havijawa hakulia. Aliichukua barua akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa la Wizara na muhuri.

"Serikali ina hisa ngapi Mwamba Mpya?" akaniuliza.

"Si moja? Ya heshima."

"Basi ni mwanahisa. Na hii barua ni maoni." Akakaa, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la mwanahisa, Serikali. Mbele yake, kwenye ule mstari mfupi, akabananisha herufi, akaandika: inawaunga mkono wanahisa wote waliotaka mpaka ubaki ulipo. Akaweka nukta. Akagonga muhuri. "Yaliyobaki ni mazungumzo," akasema. "Mazungumzo hayana fomu."

*

Siku ya kumi na nne katapila lilikuja, na afisa wa Wizara mbele yake kwenye pikipiki ileile ya Mkeyenge. Havijawa akamfungulia daftari. Afisa akasoma mstari, akasoma barua yake, akasoma mstari tena. Akamwambia Havijawa kuwa ataozea gerezani. Havijawa akamjibu kwa upole kwamba kama anataka kuandika nje ya mstari, kalamu hii hapa, aandike yeye. Afisa aliitazama ile kalamu kama amewekewa nge. Akasema anakwenda makao makuu kuuliza.

Leo ni siku ya tisa hajarudi. Katapila limezimwa, limeikabili nyumba yangu, mdomo wazi, hatua nane kutoka mlangoni, na cheti changu cha Mwanahisa Bora kinalitazama. Dereva wake analala humo humo ndani. Ana adabu. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo mama, kisha ananiuliza kama majibu yamekuja, na mimi namwambia marahaba baba, bado. Jana nilianika kanga zangu kwenye beleshi lake, hakusema kitu. Lakini ufunguo hauchomoi.

Havijawa ameitwa makao makuu Jumatatu, aende na daftari. Haijasemwa kama atarudi nalo, wala kama atarudi. Amepiga pasi gauni lake la kazi. Nimemwambia akifika asisalimie.

Sina cha kuwapa ninyi wenzangu zaidi ya haya ya kuepuka:

Usipokee hisa ukatoa shamba.

Usijenge sehemu uliyoambiwa haina mwenyewe.

Usiiamini kampuni changa yenye mwenyekiti mwenye mvi.

Usimuunge mkono mtu kabla hujasikia atakachosema, hata kwa adabu.

Usisimame kama koo limekauka. Kunywa maji kwanza.

Usipokee cheti.

Usikubali maneno yako yapimwe kwa rula ya mtu mwingine.

Usitaje mpaka. Taja nyumba.

Usifurahi kwenye sentensi ya kwanza ya barua. Usichinje jogoo.

Usimwache mwanao aende makao makuu peke yake. Mimi Jumatatu nitakwenda naye, na wifi Zamoyoni atazima mashine aje akae kwangu.

Usiiache nyumba bila mtu, hata kwa kwenda kusaga.